Kaa, Kamongo na Ndizi Mbivu: Biolojia Niliyoisoma Magwagwa

Kwa miaka mingi biolojia ya shule za upili nchini Kenya imefundishwa kama masomo mawili yasiyojuana. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza huanza kwa kupanga viumbe katika makundi: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Akishayakariri hayo, daftari linafunguliwa ukurasa mpya na habari zinageuka kuwa za kabohaidreti, protini na mafuta. Huku miguu na mbawa, kule glukosi na asidi amino. Wengi hufika kwenye mtihani wa KCSE bila kuambiwa na mtu yeyote kwamba pande hizi mbili hujibu swali moja: kiumbe huyu ni nani, na ndani yake mna nini?

Mimi niliyasoma mambo haya Magwagwa, na pale ilikuwa vigumu kuyatenga. Magwagwa iko North Mugirango, upande wa Nyamira unaoteremka kuelekea mto Sondu. Nilipokuwa mdogo tulihesabiwa chini ya Kisii. Nyamira ilipata wilaya yake mwaka 1989, mwaka uleule watahiniwa wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4 walipofanya KCSE. Juu ni chai na migomba ya Wagusii, ng'ambo ya mto ni kwa Wakipsigis, na chini, ardhi inapoanza kukauka, ni kwa Waluo. Soko la Sondu limetukutanisha sote watatu tangu zamani. Ndizi zetu ziliteremka, samaki wa ziwani wakapanda vichwani mwa akina mama, na mtoto aliyekua kati ya mizigo hiyo alikuwa ameona wanyama na vyakula vingi kabla hajafungua kitabu.

Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa mtu wa maneno machache. Maabara yake ilikuwa chumba chenye meza ndefu, stovu ya mafuta ya taa na kabati la chupa ambazo baadhi zilikuwa tupu. Hakulalamika. Siku ya kuanza uainishaji hakuandika kitu ubaoni. Alikipa kila kikundi mkebe, akatutuma shambani na kijitoni, akataka turudi na chochote chenye miguu.

Tulirudi na panzi, buibui, kumbikumbi, tandu, jongoo, na kaa wawili waliotolewa chini ya mawe ya kijito. Kikundi kimoja kilileta konokono wa migombani, na ubishi ukaanza kama mguu wa konokono ni mguu. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, jongoo ana miguu mingapi?"

"Usiniulize mimi, mama," akajibu. "Muulize yeye."

Tukamuuliza. Tulimweka jongoo kwenye karatasi nyeupe, akajikunja, tukangoja. Alipojikunjua tukapokezana kioo cha kukuzia, tukaona kwamba kila pingili ya mwili wake ina jozi mbili za miguu, isipokuwa zile chache zilizo nyuma tu ya kichwa. Tandu alikuwa na jozi moja kwa kila pingili, na ile ya kwanza kabisa, iliyo chini ya kichwa, imegeuka kuwa makucha ya sumu. Ndiyo maana hawa wawili wako katika ngeli mbili. Mmoja hula majani yaliyooza, mwingine ni mwindaji. Jongoo yule alituachia vidoleni majimaji ya kahawia yenye harufu kali, na doa lake halikutoka kwa sabuni. Mwalimu alisema tu kwamba hiyo ndiyo silaha yake. Baadaye, chuoni, nilikutana na jina la kemikali zile: benzokwinoni, zinazotolewa na tezi zilizo ubavuni mwa mnyama. Sumu ya tandu kwa sehemu kubwa ni protini. Wanyama wawili wanaokaa chini ya gogo moja, wanaofanana kiasi cha kumtisha mtoto, wametofautiana miguuni, kinywani, na hadi kwenye molekuli wanazojilinda nazo. Tangu siku ile sijaweza kuandika sifa za nje za mnyama bila kujiuliza habari za ndani.

Kisha ikaja zamu ya kaa. Mwalimu alimshika mmoja kwa nyuma, magando yasimfikie, akatuhesabia: miguu kumi pamoja na magando, antena jozi mbili. Akamweka panzi kando yake: miguu sita, antena jozi moja. Wote wawili wana gamba gumu la nje na miguu yenye viungo, na wote hulivua gamba hilo wanapokua, kwa hiyo wako katika faila moja ya athropoda. Lakini kaa ni krasteshia na panzi ni insekta. Tuliandika hivyo daftarini, na wengi wetu tukadhani tumemalizana na kaa.

Hatukujua kwamba nyuma ya vilima vilivyoonekana dirishani tofauti hiyo iliwahi kuwagharimu watu macho yao. Karibu na mpaka wetu na Homa Bay upo msitu wa Kodera. Katika miaka ya 1940 watu wa huko waliteswa na upofu wa mtoni, ugonjwa unaoletwa na mnyoo mwembamba uitwao Onchocerca volvulus. Mnyoo huo haujipeleki kwa mtu. Unabebwa na nzi mdogo mweusi anayeuma, Simulium neavei, anayepatikana kwenye mito yenye kivuli na maji yaendayo kasi. Mwaka 1946 watafiti P.C.C. Garnham na J.P. McMahon walitia dawa ya DDT katika mito ya Kodera, na nzi wakatoweka hapo. Hata hivyo, kitendawili kikabaki. Viluwiluwi vya nzi wengine wa jenasi ile hujishikiza kwenye mawe na majani ndani ya maji, na mtu akigeuza jiwe anavikuta. Vya neavei havikuonekana popote.

Jibu lilichapishwa mwaka 1950 katika jarida la Nature, na walioandika ni V.D. van Someren na McMahon yuleyule. Viluwiluwi vya nzi huyu hukaa juu ya mwili wa kaa wa mtoni. Insekta alikuwa amepanda krasteshia, akisafirishwa, akikua pale gambani, hadi siku ya kutoka majini na kuruka kwenda kumuuma binadamu. Baada ya hapo ilijulikana ni wapi pa kutafuta: mto ukiwa na kaa, wakamate kaa, waangalie. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 nzi huyo alikuwa ameondolewa kwenye mito ya Nyanza. DDT yenyewe leo tungeihoji sana kabla ya kuimwaga mtoni, na ni haki kuihoji. Ila jicho lililotazama gamba la kaa na kutambua kwamba kilichoshikilia pale si sehemu ya kaa, lile nalipenda. Mtu anayeviita vyote "vijidudu vya mtoni" na kupita asingeliona jambo hilo hata angekaa ukingoni maisha yake yote.

Upande wa pili wa somo, ule wa molekuli, mimi niliupata jikoni kwa nyanya kabla ya maabara. Nyanya hakuwahi kuketi darasani. Alikuwa akiroweka wimbi, analitandaza chini ya majani ya mgomba mpaka lichipue, analianika juani, kisha analisaga. Kimea hicho kilikuwa cha pombe ya wazee, lakini alikuwa akichota kijiko kimoja kwa ajili ya uji wa mtoto mchanga. Uji mzito wa wimbi, ule ambao mwiko ungesimama ndani yake, ukitiwa unga wa kimea na kukorogwa kidogo unalainika mbele ya macho yako hadi mtoto anaweza kuunywa. Hakuongeza maji hata tone. Chakula ni kilekile, na mtoto anashiba zaidi kwa kikombe kilekile.

Kulikuwa na sharti moja. Uji uepuliwe kwanza, upoe mpaka kidole kivumilie. Niliwahi kumwuliza sababu nikiwa nimeshika kijiko tayari. "Ukitia ungali unachemka, kimea kinakufa," akaniambia. "Utakoroga mpaka jioni."

Alikuwa sahihi kabisa. Wanga ni molekuli ndefu ya glukosi iliyounganishwa moja baada ya nyingine, kama shanga katika uzi, na ni urefu huo unaoufanya uji kuwa mzito. Mbegu inapochipua hutengeneza amilesi, kimeng'enya kinachoukata uzi huo vipande vifupi vya sukari iitwayo maltosi ili mmea mchanga upate chakula. Vimeng'enya ni protini, na protini ikipata joto la kuchemka hupoteza umbo lake. Na umbo likishaharibika, kazi imekwisha. Hiyo ndiyo habari yote ya kimea kufa. Kitabu cha kidato cha kwanza huiandika katika sura ya vimeng'enya na kuchora mchoro wa mstari unaopanda na joto, kisha kuporomoka. Nilipouona mchoro ule kwa mara ya kwanza nilijua kilele chake kilipo: ni pale kidole cha nyanya kilipovumilia.

Shuleni tulipata kuyaona haya kwa rangi. Mwalimu alitaka kila mtu alete ndizi mbili za mkungu mmoja, moja mbichi na moja iliyoiva hadi kuanza madoa. Tulizikata vipande, tukadondosha ayodini. Ile mbichi ikageuka bluu iliyokaribia weusi papo hapo, kwa sababu molekuli za wanga hujizungusha na kuinasa ayodini ndani ya mizunguko yake. Ile mbivu ilibaki na rangi ya hudhurungi ya ayodini yenyewe, na alama za bluu hapa na pale. Kisha tukaponda vipande vingine, tukavitia kwenye neli pamoja na dawa ya Benedict, ambayo ni bluu ya shaba, na kuzisimamisha neli ndani ya sufuria ya maji yaliyokuwa yakichemka juu ya stovu. Neli ya ndizi mbivu ilipita kijani, ikapita manjano, ikaishia wekundu wa tofali. Neli ya ndizi mbichi haikubadilika sana. Katika gramu 100 za ndizi mbichi mna takriban gramu 20 za wanga. Ndizi ikiiva vizuri, wanga hubaki kiasi kidogo mno, na karibu wote umegeuka sukari. Sote tulilijua jambo hilo kwa ulimi tangu utotoni. Siku ile tulilijua kwa macho, na tukajua pia kwamba utamu hautoki nje kuingia ndani ya ndizi. Ulikuwemo tangu mwanzo, umefungwa.

Jaribio lililonikaa zaidi lilikuwa la sukari ya dukani. Tuliiyeyusha, tukatia Benedict, tukachemsha. Ikabaki bluu. Darasa likapiga kelele: sukari haina sukari! Mwalimu akangoja tunyamaze. Akatwambia tuchukue neli nyingine, tutie asidi kidogo, tuchemshe, tutulize asidi kwa magadi mpaka povu likome, ndipo tutie Benedict. Ikaja nyekundu. Sukari ya miwa ni sukrosi, yaani glukosi na fruktosi zilizoshikana kwa namna inayoificha sehemu ambayo Benedict huitafuta. Asidi ilizitenganisha. Nimefundisha watu wengi baada ya hapo, na kila mara nimelitumia jaribio hili kuwaeleza kwamba kipimo hujibu swali kilichoundwa kujibu, hakijibu lingine. Daktari anayesoma majibu ya maabara anahitaji kulijua hilo, na vilevile mkulima anayepima udongo.

Protini tuliijaribu kwa maziwa na ute wa yai, ikatoa zambarau. Mafuta tuliyajaribu kwa kusugua parachichi kwenye karatasi na kuiinua dirishani. Hayo yalipita upesi.

Pareto ilistahili nafasi kubwa zaidi kuliko iliyopewa. Katika sehemu za juu za Gusii familia nyingi zilisomesha watoto kwa maua hayo meupe, wakati Kenya ilipokuwa mzalishaji mkuu duniani, kabla zao hilo halijaporomoka. Ndani ya ua mna molekuli ziitwazo pairethrini. Zinashambulia milango midogo ya sodiamu katika neva za insekta, milango ambayo ni protini, na kuizuia isifungike, hata mdudu anatetemeka na kuanguka. Sisi mamalia tunazivunja upesi mwilini na hazitudhuru sana. Samaki hawana uwezo huo, wao hufa. Mkulima anayesuuza bomba la dawa kijitoni anahitaji kujua nani ni insekta, nani ni mamalia na nani ni samaki, tena ajue kwamba tofauti zao ziko kwenye neva na kwenye ini, zaidi ya zile zinazoonekana kwa nje.

Nilipokuwa mwalimu mwenyewe, niliteremka Sondu siku moja ya soko kununua kamongo kwa ajili ya darasa. Mama aliyekuwa akiuza alinitazama nikimgeuza samaki.

"Japuonj," akaniita, yaani mwalimu kwa Kijaluo, "huyu ni wa kula au wa kusoma?"

"Wa kusoma, mama."

"Basi nitakuchagulia mwenye mapafu mazima," akasema, na akafanya hivyo. Muuza samaki alikuwa anayajua mapafu ya kamongo kabla sijafungua mdomo kueleza.

Kamongo, Protopterus aethiopicus kwa jina la kisayansi, ana mwili mrefu, magamba madogo yaliyozama kwenye ngozi, na mapezi membamba yasiyofanana hata kidogo na mapezi ya samaki kama ngege. Ana matamvua, lakini hayamtoshi. Aliyekomaa lazima apande juu kuvuta hewa, na akizuiwa chini ya maji hufa kwa kukosa pumzi. Maji yakikauka hujichimbia tope na kungoja mvua. Tulimpasua mezani, na wanafunzi wakayaona mapafu mawili marefu yamelala pamoja na mgongo. Darasa likagawanyika. Nusu walisema ni samaki, kwa sababu ana mapezi na matamvua. Nusu walisema mtu mwenye mapafu amwambie vipi kamongo kwamba si mwenzake. Niliwaacha wabishane mpaka kengele ikalia, kwa sababu ubishi ule ndio somo lenyewe. Wanasayansi nao waliufanya.

Kitabu cha shule kinamweka katika samaki, na kwa mtihani hilo ndilo jibu. Lakini ukifuata ukoo, kamongo ni jamaa wa karibu zaidi wa ng'ombe kuliko wa ngege. Babu wa mwisho aliyewazaa kamongo na wanyama wa miguu minne aliishi baada ya ukoo wa ngege kushika njia yake. Vivyo hivyo mamba yuko karibu zaidi na kuku kuliko na mjusi wa ukutani, ingawa mamba na mjusi tumewaandika pamoja chini ya reptilia. Carl Linnaeus, Mswidi aliyetoa toleo la kwanza la Systema Naturae mwaka 1735 na kulitumia toleo la 1758 kuwapa wanyama majina yao mawili mawili, aliwapanga kwa kile alichoweza kukiona na kukipima. Alifanya kazi kubwa, na majina yale tunayatumia hadi leo. Ukoo lakini hauandikwi usoni tu.

Umeandikwa kwenye molekuli. Hapa ndipo nilipoona masomo yale mawili yakishikana mikono. Chukua saitokromu c, protini ndogo inayosaidia seli kupata nguvu kutokana na chakula. Ya binadamu ina asidi amino 104 katika mfuatano maalumu. Ya sokwe ina mfuatano uleule, bila tofauti hata moja. Ya nyani aina ya rhesus inatofautiana na yetu mahali pamoja. Ya farasi inatofautiana mahali 12. Kadiri ukoo ulivyotengana zamani, ndivyo mabadiliko yalivyolimbikizana. Mwaka 2021 ilichapishwa jenomu ya kamongo wa Afrika wa spishi nyingine, na ikaonekana kwamba ina herufi zipatazo bilioni 40, zaidi ya mara kumi ya zetu, na ushahidi wake ukathibitisha undugu wake na wanyama wa miguu minne. Wazee wetu walikuwa na uainishaji wao pia, ukoo na mnyama wake, Abagirango na chui, Abanchari na kiboko, na ulikuwa na kazi yake: kumwambia mtu nani ni ndugu yake. Sayansi ya leo inauliza jambo hilohilo kwa wanyama wote, na inaomba ushahidi wa protini na DNA.

Ushahidi mzito kuliko wote nimeuona katika damu za watu wa eneo letu.

Shuleni tulikuwa na mwenzetu kutoka upande wa ziwani, kijana hodari wa hesabu, ambaye msimu wa baridi ulipofika alikuwa akilala bwenini akilia kwa maumivu ya mifupa. Macho yake yaligeuka manjano. Wengine walinong'ona mambo ya uchawi, na mimi nilikaa karibu na kitanda chake nikiamini kwamba lazima pawe na sababu nyingine. Sababu ilikuwepo na ilikuwa inajulikana kabla hatujazaliwa. Hemoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu, ina minyororo ya namna mbili. Mnyororo wa beta una asidi amino 146. Mahali pa sita panapaswa kuwa na asidi glutamiki. Kwa mwenye ugonjwa wa selimundu, kama mwenzetu yule, pana valini. Ni badiliko moja tu kati ya 146. Badiliko hilo linazifanya hemoglobini zishikamane oksijeni inapopungua, seli nyekundu inapinda kuwa mundu, inaziba mishipa midogo, na mtoto analia. Linus Pauling na wenzake waliuita ugonjwa wa molekuli mwaka 1949. Vernon Ingram alilichapisha badiliko lenyewe mwaka 1957.

Sehemu ya kisa hiki iliyo yetu ni ya Anthony Allison, aliyelelewa Kenya. Alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1949, akapima damu za watu wa makabila mbalimbali, na akaona kwamba chembe ya urithi ya selimundu ilikuwa ya kawaida kandokando ya Ziwa Victoria na pwani, na haba nyanda za juu na sehemu kavu. Pale ilipojaa, malaria nayo ilijaa. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mwenye nakala moja ya chembe hiyo hupata kinga dhidi ya malaria kali. Mwenye nakala mbili huugua. Kwa hiyo chembe ilidumu vizazi hata vizazi mahali pa mbu, kwa sababu iliwaokoa wengi kuliko iliowaua. Mteremko wa kutoka milima ya Gusii hadi ufuo wa ziwa, ule tunaoutembea kwa siku moja na mkungu wa ndizi, ni sehemu ya ramani hiyo.

Watu wa mpakani huoana. Jina la ukoo, lugha ya nyumbani na sura ya mtu haviwezi kukuambia kama anabeba chembe ya selimundu, na mpaka huu wetu umewahi kumwaga damu kwa sababu ya watu kuainishwa kwa lugha zao. Biolojia inatuweka wote, Mgusii, Mluo na Mkipsigis, katika spishi moja, Homo sapiens, na tofauti zinazoweza kumuua mtoto ziko mahali ambapo jicho halifiki. Wazazi wawili wanaobeba nakala moja kila mmoja wana uwezekano wa moja kwa nne, katika kila mimba, wa kupata mtoto mgonjwa. Kipimo cha damu kinachotenganisha aina za hemoglobini kwa umeme hubainisha nani anabeba chembe hiyo na nani ni mgonjwa. Mtoto akijulikana mapema hupewa penisilini ya kuzuia maambukizi, kinga ya malaria na, inapofaa, haidroksiyurea, na anaweza kukua.

KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023 na mfumo wa umilisi umeshika hatamu. Walimu wanaambiwa wawape wanafunzi vitendo. Mwalimu mwenzangu wa Nyamira, usingoje maabara ikamilike. Kaa wako mitoni, jongoo yuko chini ya gogo, ndizi iko dukani kwa shilingi chache, na kamongo yupo Sondu siku ya soko. Stovu na chupa ya ayodini hazizidi uwezo wa shule. Fundisha uainishaji na molekuli pamoja, mnyama akiwa juu ya meza na neli zikiwa kando yake. Utakapofika kwenye hemoglobini, usiishie kwenye mchoro. Waambie wale vijana wa kidato cha nne, ambao baada ya miaka michache watakuwa wazazi, waende wakapimwe kabla ya kuoana, na uwaambie ni hospitali gani iliyo karibu.

Na wewe mzazi mwenye mtoto anayelia mifupa kila baridi inapoingia, usimpeleke kwa mganga. Mpeleke akapimwe damu wiki hii.